Albamu ibaki imefungwa mpaka kamera iwashwe

Filamu nyingi za wanafunzi kuhusu kumbukumbu za wazee huharibika kabla kamera haijawashwa. Mnafika, mnakaribishwa, albamu inafunguliwa, habari zinamiminika. Kisha mnaandaa vifaa na kumwomba mzee arudie. Atakachowapa sasa ni muhtasari: majina yamepungua, na ule mshangao wa kukutana tena na sura aliyokuwa ameisahau umeshapita. Kwa hiyo ziara ya kwanza iwe ya kufahamiana na kueleza kazi tu. Mwombeni achague mwenyewe picha tano hadi nane, nanyi mzione kwa mara ya kwanza mkiwa mnarekodi. Zaidi ya hizo atachoka, na majibu yataanza kuwa mafupi.

Jambo la pili linalosumbua ni kidole. Mzee huinamia picha na kusema, "Huyu ndiye aliyenilea, na huyu wa nyuma alikuwa fundi." Kama kamera haikukiona kidole, kwenye chumba cha kuhariri hamtajua huyu ni nani. Mimi hupendelea kamera mbili, moja ikitazama uso na nyingine ikitazama meza kutoka juu, picha na mikono vikijaa fremu. Mkiwa na moja tu, ielekezeni usoni, na anayehoji aulize kwa upole, "Huyu mwenye kofia, wa kushoto?" Mzee atajibu kwa jina. Mikono ikigusa picha hizo mtairekodi mazungumzo yakiisha.

Picha ilale mezani juu ya kitambaa, si mkononi. Akiinyanyua hadi kifuani itakwaruza maikrofoni ya kubana kwenye nguo, na mkwaruzo uliofunika neno hausafishiki vizuri. Rekodini sauti kwa kiwango cha sampuli cha kilohezi 48, sauti kubwa zikifika karibu na -12 kwenye kipimo cha desibeli cha kinasa sauti, maana anayenong'ona anaweza kuangua kicheko ghafla. Kabla ya kuondoka rekodini dakika moja ya ukimya wa chumba. Itaziba mapengo wakati wa kuhariri.

Swali la "Unakumbuka nini?" ni pana mno. Picha iliyotazamwa miaka mingi huichukua nafasi ya siku yenyewe, na mtu huanza kueleza karatasi badala ya tukio. Ulizeni yasiyoonekana: nani alikuwa ameshika kamera? Nani hakutaka kupigwa picha? Mlipotawanyika mlikwenda wapi? Kisha nyamazeni. Hesabuni hadi tano kimoyomoyo kabla ya swali linalofuata, kwa sababu jina lililokuwa limepotea mara nyingi huja ndani ya ukimya huo. Akitaja mwaka usiolingana na ulioandikwa nyuma ya picha, msimsahihishe. Andikeni yote mawili.

Kuskani kunataka hesabu kidogo. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa pikseli takriban 1772 kwa 1181, yaani haijazi hata upana wa fremu ya video ya HD, ambayo ni pikseli 1920 kwa 1080. Kwa nukta 600 mnapata 3543 kwa 2362, na mnaweza kusogelea uso karibu mara mbili bila kupoteza ukali. Picha ndogo za vitambulisho, tumieni 1200. Hifadhini kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, zimeni marekebisho ya kiotomatiki, na skanini upande wa nyuma pia: mihuri ya studio na maandishi ya mkono hukaa huko.

Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi msiibandue, itachanika. Ipigeni hapohapo kwa kamera, taa mbili zikiwa kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 45, flashi imezimwa. Kuhakikisha kamera haijapinda, wekeni kioo kidogo bapa juu ya picha; lenzi ikijiona katikati ya fremu, imenyooka.

Idhini iwe ya maandishi, na itenganishe mahojiano na picha: filamu itaonyeshwa darasani tu, au pia kwenye intaneti? Wapo walio hai ndani ya picha hizo ambao hawakuulizwa, na mzee ndiye anayejua nani angekataa. Mwonyesheni toleo la awali wakati bado mnaweza kukata, tena mkae naye anapolitazama, kwa sababu kwa simu wengi husema ni sawa ili tu wasiwasumbue.