Farumi ya maji: je, maji hayana uzito ndani ya maji?

Wengi husema mashua ndogo ya tanga yenye farumi ya maji, yaani maji yanayowekwa chini kama uzito wa kuizuia isipinduke, ni hatari, kwa hoja kwamba maji ndani ya maji hayana uzito. Hoja hiyo husikika kama akili, ila imekosea mahali pamoja: maji yaliyofungiwa kwenye tangi ni sehemu ya mashua.

Tangi hukaa chini kabisa. Likijaa, mashua huzama zaidi kidogo na kitovu cha uzito wake hushuka. Upepo ukiilaza, ubavu wa joshini, yaani upande upepo unakotoka, huinuka, na maji yanayopandishwa juu ya usawa wa bahari huivuta mashua irudi wima. Katika MacGregor 26, mashua za tanga za Marekani, maji hayo huzidi kilo 500, mzigo ambao gari halilazimiki kuuvuta barabarani: unafunguliwa, unamwagika, mashua inapanda trela ikiwa nyepesi.

Udhaifu upo, nao si mdogo. Madini ya risasi ni mazito kuliko maji mara 11 hivi, kwa hiyo mkuku wa risasi, yaani uti wa chini ya mashua, hubeba uzito mwingi chini sana kwa nafasi ndogo. Mashua ya farumi ya maji hulala upesi mwanzoni, kisha hukaza.

Hatari ya kweli, ambayo natamani ingesemwa zaidi, ni tangi lililojaa nusu. Maji hukimbilia upande ulioinama na kuzidi kuulaza. Lijaze hadi juu, funga vali, ndipo utweke tanga.