Je, wajua kompyuta moja inaweza kuwa maabara nzima ya mitandao?

Anayejifunza mitandao huhitaji kompyuta kadhaa, ruta, swichi na kebo za kuziunganisha. Mbona basi masomo mengi ya vitendo siku hizi hufanyika ndani ya kompyuta moja tu?

Kwa kawaida kompyuta ina jedwali moja la njia, yaani orodha ya wapi data ipelekwe, na seti moja ya anwani. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, hata hivyo, inaweza kutenga maeneo mengi, kila eneo likawa na anwani zake na jedwali lake, lisiwaone majirani. Kisha huundwa kebo bandia yenye ncha mbili: pakiti, yaani kifurushi cha data, inayoingia huku hutokea kule. Eneo la katikati likiruhusiwa kupitisha pakiti za wengine, tayari ni ruta. Maeneo yote hutumia kerneli ileile, hivyo kila moja hula kumbukumbu kidogo sana. Ndiyo maana Mininet, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2010, huweza kuendesha mamia ya kompyuta bandia kwenye kompyuta ndogo ya kubeba.

Hiyo lakini ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kutunga somo lenyewe, na kwa maoni yangu somo bora humkabidhi mwanafunzi mtandao ulioharibiwa kwa makusudi. Tuseme anatuma ping, yaani ombi fupi la kupima kama mawasiliano yapo, kutoka kompyuta ya kwanza kwenda ya pili kupitia ruta mbili, kimya. Atadhani pakiti haikufika. Akiwasha tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kule upande wa pili, anakuta ombi lilifika na jibu likatumwa. Ruta ya pili ndiyo isiyojua njia ya kurudi. Akishaliona hilo kwa macho yake, hatasahau kwamba mawasiliano yanahitaji njia ya kwenda na ya kurudi.

Usahihishaji nao una ufundi wake. Usikague amri alizoandika, maana anaweza kuongeza njia ya kudumu, njia ya msingi, au kuwasha OSPF, itifaki ya ruta kufundishana njia zenyewe, na zote zikafaa. Kagua matokeo: ping ipite, na sehemu nyingine za mtandao zisiwe zimevurugika. Akiharibu kila kitu, maeneo hufutwa na kuundwa upya kwa sekunde chache, kwa hiyo hana sababu ya kuogopa kujaribu.

Kasi tu ndiyo isipimwe humo kwa kuaminika, kwa kuwa ruta zote bandia hugombania prosesa ileile.