Sabasaba haianzi Juni 28

Kila mwisho wa Juni, maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam yanapofunguliwa, watangazaji wetu hututangazia kwamba "Sabasaba imeanza". Ikikaribia katikati ya Julai tunaambiwa "Sabasaba imeongezewa siku". Tangu lini tarehe ikaongezewa siku? Sabasaba ni siku moja tu, ya saba ya mwezi wa saba kwa kalenda ya miladi. (Kwa hesabu ya zamani ya pwani mwezi wa saba ni Mfungo Saba, ule unaofuata mwezi wa Maulidi, lakini hilo tuliache.) Maana imeishia hapo. Watu hupotezana wanapoulizana siku hiyo ilibeba nini.

Kwa Tanzania ilibeba chama. Tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam, chama cha TAA (Tanganyika African Association) kilichokuwapo tangu 1929 kiligeuzwa kuwa TANU, chama cha siasa cha kudai uhuru, Nyerere akiwa rais wake. Chama hicho hakipo tena: tarehe 5 Februari 1977 kiliungana na ASP (Afro-Shirazi Party), chama cha Zanzibar, ikazaliwa CCM, ambayo huadhimisha kuzaliwa kwake Februari. Sikukuu ikabaki haina mwenyewe, ikawa inapangiwa kazi. Wazee wanaikumbuka ikiitwa Siku ya Wakulima, kabla wakulima hawajahamishiwa Nanenane, Agosti 8. Waliobaki nayo ni wafanyabiashara na maonyesho yao ya kimataifa kule Barabara ya Kilwa, Temeke, Dar es Salaam. Ndiyo maana ukimuuliza mtoto wa Temeke Sabasaba ni nini, atakuonyesha kwa kidole. Wa Dodoma atakupeleka sokoni, wa Njombe uwanja wa mpira. Sina ugomvi na majina ya mahali, ila naona haya jina la kiwanja linapoimeza siku yenyewe, mtu mzima akabaki anajua bei ya kiingilio na asijue kilichotokea 1954.

Ukishavuka mpaka wa Namanga ukaingia Kenya, mambo ni mengine kabisa. Saba Saba ya Kenya, ambayo wenyewe huiandika kwa maneno mawili, si siku ya mapumziko wala haihusiani na TANU. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, waliitisha mkutano wa hadhara Kamukunji, Nairobi, Julai 7, kudai vyama vingi. Wakati huo sheria ilikuwa inaitambua KANU, chama tawala, peke yake, tangu 1982. Serikali ya Rais Moi iliwakamata siku tatu kabla ya mkutano na kuwaweka kizuizini. Watu walikwenda Kamukunji hivyo hivyo, wakawakuta polisi. Waliuawa watu. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja, kikafutwa katika katiba, na Matiba alitoka kizuizini akiwa na kiharusi ambacho hakikumwacha tena.

Kwa hiyo nakereka zaidi nikimsikia Mtanzania akisema Wakenya "wanasherehekea Sabasaba kwa fujo", kama vile sikukuu ni yetu nao wameiazima wakaiharibu. Hawasherehekei, wanakumbuka. Na wanachokikumbuka kinakaribia kuwa kinyume cha chetu. TANU ilifanywa chama pekee cha siasa Tanzania Bara kwa katiba ya 1965. Sisi tunapumzika kwa heshima ya siku kilipozaliwa chama hicho, wao wanawakumbuka waliokataa kutawaliwa na chama pekee. Jina limefanana kwa sababu sote tunahesabu kwa Kiswahili.

Tangu UNESCO iitangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, siku hiyo imepata mzigo wa tatu. Huu angalau tunaubeba pamoja, ingawa huko kwenye makongamano TANU hutajwa sana na Kamukunji haitajwi.

Basi ndugu mtangazaji, sema "Maonyesho ya Sabasaba yameanza", hayo yanaruhusiwa kuanza Juni 28 na kuongezewa siku upendavyo. Na wewe msafiri unayepanga kuingia Nairobi alfajiri ya Julai 7, usimtakie mtu heri ya sikukuu. Uliza kwanza kama mabasi yanaingia mjini, maana mwaka 2025, Saba Saba ilipotimiza miaka 35, polisi walizifunga barabara kuu na abiria wakamaliza safari kwa miguu.