Pumzi ya mgonjwa mnene chini ya nusukaputi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu mwenye unene uliokithiri anapopangiwa upasuaji, maneno mengi humfikia kabla hajakutana na daktari wa usingizi. Wapo wanaomtisha kwamba akilazwa usingizi hataamka, na wapo wanaomtuliza kwamba tofauti yake na mgonjwa mwembamba ni kipimo cha dawa tu. Wanaotisha wanasahau kwamba wagonjwa wanene walio wengi hufanyiwa upasuaji na kuamka salama. Wanaotuliza wanasahau kwamba usalama huo hutokana na maandalizi yanayofanywa kwa ajili ya jambo moja hasa, nalo ni uchache wa oksijeni inayobaki mapafuni pale mgonjwa anapoacha kupumua mwenyewe.

"Mwili mkubwa una mapafu makubwa"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine nyingi. Ukubwa wa mapafu hutegemea urefu wa mtu, jinsia yake na umri wake, wala hautegemei uzito. Aliyeongezeka kilo 50 amebaki na mapafu yale yale, ila sasa yanafanya kazi chini ya mzigo: mafuta ya tumboni hukisukuma juu kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na mafuta yaliyouzunguka ukuta wa kifua hufanya mbavu zipanuke kwa taabu. Kwa sababu hiyo hewa inayosalia mapafuni baada ya mtu kutoa pumzi ya kawaida, ambayo kwa mtu mzima asiye mnene ni kama lita 2 hadi 2.5, hupungua kadiri uzito unavyopanda. Hupungua tena anapolala chali, na hupungua kwa mara nyingine nusukaputi inapoingia, kwa kuwa misuli iliyokuwa imekitegemeza kifua hulegea.

Hewa hiyo iliyosalia ndiyo ghala. Kabla ya kulazwa usingizi, mgonjwa huvutishwa oksijeni tupu kwa barakoa kwa dakika 3 hivi, ili ghala lijae oksijeni badala ya mchanganyiko wa kawaida wa hewa. Kisha dawa ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli huingia, kupumua husimama, na daktari huwa na muda wa kuingiza mrija wa kupumulia. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kawaida aliyeandaliwa hivyo anaweza kukaa dakika 6 au zaidi kabla oksijeni ya damu haijashuka hadi asilimia 90. Mwenye unene uliokithiri anaweza kufika hapo chini ya dakika 3, kwa sababu ghala lake ni dogo na mwili wake, kwa ukubwa wake, hutumia oksijeni nyingi zaidi kila dakika. Isitoshe, vifuko vya hewa vilivyo sehemu za chini za mapafu hujifunga, na damu inayopita hapo hurudi moyoni bila kubeba oksijeni.

Dhana hiyo hiyo huweza kupotosha hata mipango ya mashine ya kupumulia. Kiasi cha hewa kinachosukumwa kwa kila pumzi hukadiriwa kwa uzito unaolingana na urefu, kwa kawaida mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito huo. Mwanamume wa sentimita 170 hukadiriwa kuwa na kilo 66, kwa hiyo hupewa kati ya mililita 400 na 530, awe ana kilo 70 au kilo 150. Kumpa hewa kwa kufuata kilo 150 ni kuyatanua mapafu kupita kiasi na kuyajeruhi.

"Mnene yeyote ni mgumu kuwekewa mrija"

BMI, yaani uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake, peke yake haitabiri vizuri ugumu wa kuingiza mrija. Shingo nene, kinywa kisichofunguka vya kutosha na shingo isiyokunjuka humwambia daktari mengi zaidi, na ndiyo maana huichunguza shingo ya mgonjwa na kumtaka apanue kinywa hata kama kilichomleta ni ugonjwa wa goti. Mahali mafuta yalipokaa ni muhimu pia: wawili wenye BMI moja, mmoja mnene tumboni na shingoni, mwingine nyongani na mapajani, hawana hatari sawa ya matatizo ya kupumua. Kinachosumbua mara nyingi ni hatua inayotangulia mrija, yaani kumpa hewa kwa barakoa, kwa kuwa nyama za koromeo hulegea na kuziba njia.

Dawa ya tatizo hili kwa sehemu kubwa ni mito. Mgonjwa huinuliwa kuanzia mabegani hadi kichwani mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari. Hapo njia ya hewa huonekana vizuri zaidi, kiwambo hushuka, na ghala la oksijeni huongezeka. Ni hatua isiyo na gharama, na kwa maoni yangu inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

"Dawa hupimwa kwa kilo zote"

Baadhi yake, ndiyo, nyingine, sivyo. Kati ya dawa za kulegeza misuli, suksametoniamu hukadiriwa kwa uzito wote na rokuroniamu kwa uzito unaolingana na urefu; propofoli, dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi, hukadiriwa kwa uzito wa mwili bila mafuta ya ziada. Anayezidisha dawa kwa kufuata mizani humchelewesha mgonjwa kurudisha nguvu za kupumua.

"Ganzi ya mgongoni huondoa hatari yote"

Inapowezekana, ganzi ya mgongoni mara nyingi ni chaguo bora, maana mgonjwa hubaki akipumua mwenyewe. Hata hivyo mifupa ya mgongo ni vigumu kuipapasa chini ya mafuta mengi, sindano ya kawaida huenda isifike, na ganzi ikipanda juu kuliko ilivyokusudiwa hudhoofisha misuli ya katikati ya mbavu. Kwa wengine kulala chali tu kunatosha kuwakosesha pumzi. Tena ganzi ikiisha upasuaji ungali unaendelea, nusukaputi italazimika kutolewa katika hali mbaya zaidi ya kuanzia, kwa hiyo vifaa vya njia ya hewa huandaliwa tangu mwanzo.

"Mnene afunge kula kwa muda mrefu zaidi"

Kwa kawaida masharti ni yale yale: saa 6 bila chakula, saa 2 bila maji. Anayetumia sindano za kupunguza uzito, kama semaglutaidi, aseme mapema, kwa kuwa huchelewesha chakula tumboni na chakula hicho kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

"Akishaamka, hatari imekwisha"

Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa Uingereza mwaka 2011 kuhusu ajali kubwa za njia ya hewa ulionyesha kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 walioripotiwa walikuwa wanene, na kwamba zaidi ya robo ya matukio ya nusukaputi yalitokea mwishoni mwa kazi au katika chumba cha kuzindukia. Ndiyo maana mrija huondolewa mgonjwa akiwa macho kabisa, misuli imerudi nguvu, na ameketishwa.

Wodini hatari huja kimyakimya. Watu wengi wenye unene uliokithiri wana tatizo la kukatika pumzi usingizini, na wengi wao hawajui. Wanachojua ni kukoroma na kusinzia mchana, na mwenzi wa chumba ndiye shahidi mzuri kuliko mgonjwa mwenyewe. Mtu huyo akipewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama morfini, koo hulegea zaidi na ubongo huchelewa kumshtua pumzi inapokatika. Hivyo madaktari huanza na parasetamoli na ganzi ya eneo la jeraha, huacha afyuni kwa kiasi kidogo, na humtaka mwenye mashine yake ya kupumulia usiku aje nayo hospitalini.

Tahadhari moja husahaulika hata na wahudumu. Mgonjwa anayepewa oksijeni ya ziada anaweza kuonyesha kiwango kizuri kwenye kipimo cha kidoleni ilhali anapumua kidogo mno, na kabonidioksidi inajikusanya damuni na kumzidishia usingizi. Kipimo hicho hakiioni kabonidioksidi, kwa hiyo muuguzi husimama kando ya kitanda akitazama kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, hata namba iwe 98.