Agosti 1834 haikuwaacha wengi huru: dhana potofu kuhusu Barbados

Nafundisha historia ya Karibi, na kila ninaposahihisha mitihani nakutana na sentensi ileile: "Tarehe 1 Agosti 1834 watumwa wa Barbados walipata uhuru na kuanza maisha mapya." Mhula huu nimeikuta kwenye karatasi kumi na tisa. Wanafunzi hawaitungi wenyewe. Wanaikariri kutoka kwenye vitini vinavyorithiwa darasa hadi darasa. Nimechoka kuikata kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo leo naijibu kwa kirefu.

Siku ile kilichobadilika kwa watu wengi ni jina tu. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1833 iliwaachia huru moja kwa moja watoto wa chini ya miaka sita. Wengine, katika kisiwa kilichokuwa na watumwa wapatao 83,000, waliitwa wanagenzi, wakalazimishwa kumfanyia kazi bwana yuleyule, kwenye shamba lilelile la miwa, hadi saa 45 kwa wiki bila ujira. Wa mashambani walipangiwa miaka sita ya hali hiyo. Walikuwa wanagenzi wa kujifunza nini? Hakuna mtu kisiwani aliyeijua miwa kuliko wao. Wala isisemwe kwamba hakukuwa na njia nyingine: Antigua, koloni la Uingereza vilevile, iliuruka uanagenzi na kuwaachia watu wake siku hiyohiyo. Watu wa Barbados walisubiri hadi 1 Agosti 1838, uanagenzi ulipofutwa kabla ya ile miaka sita kwisha. Anayeniandikia 1834 bila 1838 nampunguzia alama, na nitaendelea kumpunguzia.

Na hiyo 1838 nayo isomwe kwa makini. Mimi huwaambia wanafunzi: ukikutana na tarehe ya kukomeshwa utumwa popote pale, kabla hujaikariri uliza ardhi ilibaki kwa nani. Barbados ina kilomita za mraba 430 hivi. Unguja peke yake inaizidi karibu mara nne. Kisiwa ni tambarare kwa sehemu kubwa, na karibu ardhi yote inayolimika ilikuwa tayari mikononi mwa wenye mashamba. Jamaika kulikuwa na milima ya kukimbilia, Guyana kulikuwa na mashamba yaliyotelekezwa ambayo watu walichanga fedha wakayanunua. Mtu wa Barbados alitoka kwenye kibanda chake akiwa huru, akatazama kulia miwa, akatazama kushoto miwa, na yote ina mwenyewe.

Wenye mashamba walilijua hilo vizuri. Sheria yao ya mabwana na watumishi ya mwaka 1840 ilimruhusu mtu kukaa kwenye kibanda na kulima kajishamba kake kwa masharti: alipe kodi, na nguvu zake aziuze kwa shamba hilo tu, kwa ujira ulio chini ya ule anaolipwa mtu wa kutoka nje. Akigoma au akienda kutafuta kibarua kwa jirani, anafukuzwa, na mazao aliyopanda anayaacha. Bunge lililotunga sheria hiyo lilikuwa la wenye mashamba wenyewe. Samuel Jackman Prescod, mtu wa kwanza asiye mzungu kuchaguliwa kuingia humo, aliingia mwaka 1843, na kura ya kila mtu mzima ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951.

Anayetaka kuuelewa mpango huu aitazame nyumba ya mnyonge wa Barbados. Ni nyumba ndogo ya mbao, mlango katikati na dirisha kila upande, paa lenye mgongo mkali. Haina msingi. Inakaa juu ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa tu, hayakushikwa na chokaa wala saruji. Kuta zake ziliundwa vipande vipande ili ziweze kufunguliwa, zipakiwe kwenye mkokoteni na kuunganishwa upya pengine. Watalii huzipiga picha kwa sababu ya rangi zake nzuri. Mimi nawaomba wanafunzi wangu wayatazame yale mawe. Mtu alimiliki mbao, hakumiliki udongo chini yake, na alijenga akijua kwamba siku yoyote ataambiwa ahame.

Msomaji wa pwani yetu asione hayo ni ya mbali. Amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, ikawalipa fidia mabwana, na waliokuwa watumwa wengi wakabaki kwenye mashamba ya karafuu ya watu wengine, wakipalilia ili waruhusiwe kukaa.

Nimetaja fidia, na hapo kuna kosa la pili: kwamba watumwa walilipwa. Hawakulipwa hata senti. Uingereza ilitenga pauni milioni 20, na zilikwenda kwa wamiliki. Sehemu kubwa ilikuwa fedha za mkopo, na deni hilo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba Mbarbados aliyehamia London na kufanya kazi huko alikatwa kodi iliyosaidia kulipia deni la fidia ya waliowamiliki mababu zake.

Mengine nayapitia haraka. Malkia Victoria hakuwapa uhuru: sheria ni ya 1833, yeye alirithi kiti mwaka 1837. Wahindi wa mikataba hawakupelekwa Barbados kwa makundi kama Trinidad, kwa sababu wenye mashamba hawakuwahitaji. Watu hawakuwa na pa kwenda, wafanyakazi walikuwepo. Wala hawakuwa "wavivu waliosubiri kusaidiwa". Mfereji wa Panama ulipochimbwa kati ya 1904 na 1914, Wabarbados wapatao 20,000 walikwenda kwa mkataba, na wengine wengi kwa nauli zao. Fedha walizotuma nyumbani ndizo zilizonunua viwanja vya kwanza vya familia nyingi.

Hii ya "kisiwa kitulivu kilichopewa uhuru kwa hisani" inanikera zaidi. Mwaka 1876 watu wanane waliuawa katika ghasia zilizolipuka wakati gavana Pope Hennessy alipotaka kukiunganisha kisiwa na visiwa jirani. Julai 1937 serikali ilimfukuza nchini Clement Payne, aliyekuwa akiwahutubia wafanyakazi wa Bridgetown. Wazazi wake walikuwa Wabarbados, ila yeye alizaliwa Trinidad. Wananchi waliingia mitaani, wakapigwa risasi: 14 walikufa, 47 walijeruhiwa. Vyama vya wafanyakazi, chama cha siasa cha Grantley Adams na baadaye uhuru wa 30 Novemba 1966 chini ya waziri mkuu Errol Barrow vimepita juu ya damu hiyo. Na 2021, nchi ilipokuwa jamhuri na Sandra Mason rais wake wa kwanza, haikuwa siku ya uhuru, na nchi haikutoka Jumuiya ya Madola. Sisi hili tusilikosee, maana Tanganyika ilipita njia hiyohiyo kati ya 1961 na 1962.

Yupo pia mwanafunzi anayenijibu, "Mwalimu, hayo ya ardhi ni ya kale." Sheria iliyowawezesha wapangaji wa ardhi ya mashamba kununua viwanja walivyokalia, kwa senti kumi za Barbados kwa futi ya mraba, ni ya mwaka 1980. Shamba la Drax Hall, lililoanzishwa na familia ya Drax karne ya 17 kwa jasho la watumwa, lilikuwa bado la familia hiyo mwaka 2024, pale serikali ilipotaka kununua ekari 50 hivi ijenge nyumba za wananchi. Watu waliuliza kwa nini walipie ardhi hiyo, na ununuzi ukasimamishwa.