Mwezi si wiki nne: sindano ya penisilini na moyo wa mtoto

Kadi ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu ilikuwa imekunjwa mara nne, imeingia maji ya chumvi hadi wino umevuja, na bado yalisomeka maneno matatu niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Sindano kila mwezi." Mwenye kadi alikuwa msichana wa shule ya msingi kutoka kisiwa cha Pate, aliyekuwa akiletwa Lamu mjini na mama yake kwa mashua. Mama huyo hakukosa hata mara moja. Alihesabu miezi kama inavyohesabiwa kwao, kwa kuandama, kisha akaongeza siku mbili au tatu za kungoja chombo na maji ya kupita mkondo wa Mkanda. Baada ya mwaka na nusu mtoto akarudi na homa, magoti yamevimba, na vali ya moyo, yaani mlango wa kupitisha damu, iliyokuwa ikivuja kidogo ikawa inavuja kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Nilipouliza kwa nini wamechelewa, mama alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Daktari, wewe uliandika mwezi. Mwezi ulikuwa haujaandama, tungekuja vipi?"

Mama alifuata maandishi yangu; kosa ni langu niliyeyaandika. Dawa tunayoitumia, benzathini penisilini ya kumkinga mtoto asirudiwe na homa inayoharibu moyo, huanza kupungua nguvu mwilini kabla wiki ya nne haijamalizika, na ndiyo maana hurudiwa kila baada ya siku 28. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, na mwezi wa kalenda ya ukutani, ukiacha Februari, una 30 au 31. Anayehesabu kwa wiki nne hupata sindano 13 kwa mwaka, na anayehesabu kwa kalenda hupata 12, bila yeyote kati yao kujua kwamba mmoja amepunjwa.

Mimi ni daktari wa moyo wa watoto. Kliniki yangu iko Malindi, na mara kadhaa kwa mwaka hufunga safari kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha kwa boti hadi Lamu. Watoto ninaowaona ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni la waliozaliwa na kasoro ya moyo, ambao hukadiriwa kuwa karibu mtoto 1 kati ya kila 100 wanaozaliwa duniani kote, kwa tajiri na kwa maskini. Hao nitawaandikia siku nyingine. Kundi la pili ni la watoto waliozaliwa na moyo mzima kabisa, ukaja kuharibiwa na maradhi ya koo. Hawa ndio wanaoninyima usingizi, kwa sababu karibu kila mmoja wao angeweza kukingwa kwa dawa ya bei nafuu iliyokuwapo tangu zamani za babu zetu.

Safari ya ugonjwa huu huanza na bakteria anayeitwa streptokoka wa kundi A, mmoja wa wanaosababisha mafindofindo. Koo nyingi zinazouma huletwa na virusi na hupona zenyewe, lakini mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, matezi yaliyovimba chini ya taya na usaha kooni, tena asiye na kikohozi wala mafua, anastahili kuonwa na daktari au afisa wa kliniki. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia madhara ya moyo. Na vidonge vikitolewa vya siku 10, ni vya siku 10, hata kama siku ya tatu mtoto ameshatoka kwenda kucheza mpira ufukweni. Kukata kimeo hakumwondoi bakteria huyo. Nimeona watoto waliopelekwa kwa mkata kimeo wakiwa na mafindofindo tu, wakarudi na koo lile lile na kidonda juu yake.

Mafindofindo ya bakteria huyo yasipotibiwa, watoto wachache kati ya wengi hupata homa ya baridi yabisi wiki mbili au tatu baadaye, wakati koo limeshasahauliwa. Mwili umetengeneza kingamwili za kupigana na bakteria, lakini baadhi ya sehemu za bakteria zinafanana na sehemu za moyo, maungio na ubongo, na kingamwili hizo hufananisha: zinamdhania ndugu kuwa adui. Maumivu huhama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Wengine mikono na uso huanza kucheza bila hiari, hati ya shuleni ikaharibika, kikombe kikawa hakishikiki. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huwa ameshaadhibiwa na mwalimu kwa uzembe na ameshasomewa nyumbani kwa kudhaniwa ana shetani kabla ya kunifikia. Sigombani na waliomsomea. Naomba tu wanipe nafasi ya kumsikiliza moyo, kwa sababu kucheza huko kwa mikono ni moja ya dalili kuu za homa hii na hutulia baada ya muda, ilhali alama iliyobaki kwenye vali inaweza isitulie.

Maungio hupona bila kovu, vali hazina bahati hiyo. Inayoumia zaidi ni vali ya mitrali, mlango wenye mbawa mbili laini kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Kila homa mpya huunenepesha na kuukaza mlango huo, mpaka ukawa haufungi vizuri na damu ikarudi nyuma, au haufunguki vizuri na damu ikajaa mapafuni. Tunaposikia mvumo, yaani sauti ya damu inayopita vibaya, kwa stetoskopu, mara nyingi uharibifu umeshapiga hatua. Ultrasaundi ya moyo, ambayo sisi huiita eko, huona mapema zaidi, na hapo ndipo lilipozuka swali lililotusumbua kwa miaka mingi: tukimkuta mtoto anayekimbia, anayekula, asiye na dalili yoyote, lakini eko yake inaonyesha vali imeanza kuguswa, tumchome sindano kwa miaka au tumwache?

Jibu lilitoka jirani. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walipima watoto na vijana zaidi ya 100,000, wakawapata wenye ugonjwa huo uliojificha, na 818 kati yao, wa umri wa miaka 5 hadi 17, wakagawanywa kwa kura: nusu wapate benzathini penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu wafuatiliwe bila sindano. Utafiti huo ulipewa jina la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino, yaani kulinda moyo wa mtoto, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 ya watoto; kati ya wasiochomwa, kwa asilimia 8.2. Ukipiga hesabu, watoto kama 13 au 14 wakichomwa kwa miaka miwili, mmoja wao anaepushwa na kuharibikiwa zaidi.

Namba hiyo naipenda, lakini sitaki ibebeshwe mzigo usio wake. Maana yake pia ni kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wasiochomwa hawakuzidiwa katika miaka hiyo miwili, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajakubali mwanawe kuchomwa paja mara 26. Vilevile watoto wa Gulu walikuwa na wauguzi waliowafuatilia kwa karibu. Kupita shuleni na mashine ya eko, kuwatangazia wazazi kwamba watoto wao wana ugonjwa wa moyo, kisha kuondoka huku zahanati yao haina dawa, ni jambo ambalo sitalifanya hata nikilipiwa nauli.

Muda wa kuchomwa kwa mtoto aliyekwisha kuugua homa yenyewe ni mrefu kuliko wazazi wanavyotarajia. Kwa kawaida, aliyeugua bila moyo kuguswa huendelea kwa miaka 5 au hadi atimize miaka 21, tukichagua muda ulio mrefu zaidi. Aliyebaki na vali iliyoharibika huendelea kwa angalau miaka 10, na mara nyingi hadi umri wa miaka 40. Namwambia mzazi hivyo siku ile ile ya kwanza. Ni vigumu kusikia, lakini ni afadhali kuliko kuambiwa kila mwaka "bado kidogo".

Na sindano hii inauma. Dawa ni nzito, nyeupe kama tui la kwanza, na ikikaa kidogo hukwama kwenye sindano, hapo mtoto akalazimika kuchomwa tena. Muuguzi ninayefanya naye kazi Malindi ana utaratibu wake ambao sasa nauomba kila ninakokwenda. Huishika chupa viganjani mpaka ubaridi utoke, huchanganya na lignokaini kidogo ya kutia ganzi, hukandamiza mahali pa kuchoma kwa kidole gumba akihesabu hadi kumi, kisha huisukuma dawa polepole kwa dakika mbili au tatu huku akimuuliza mtoto habari za paka wake. Mtoto amelala, hakusimama. Ameshakunywa maji. Baadaye hukaa kwenye benchi la nje tukimwangalia, kwa sababu mzio mkali wa penisilini ni nadra sana lakini upo, na kila kituo kinachochoma lazima kiwe na adrenalini, dawa ya kumwokoa aliyepatwa na mzio huo, karibu.

Mwezi wa Ramadhani huleta shida ya pekee kwa vijana walioanza kufunga. Wengi huahirisha sindano hadi Idi, na wiki nne zikageuka wiki saba. Baraza la kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilieleza kwamba sindano ya msuli isiyo ya lishe haifunguzi, na masheikhe niliowauliza hapa wamesema vivyo hivyo. Hata hivyo, upande wa tiba nina pingamizi: kijana mwenye njaa na kiu huzirai kwa urahisi akichomwa. Kwa hiyo tulipanga sindano za Ramadhani zitolewe baada ya futari, na wauguzi wawili wakakubali kubaki. Waliokosa wamepungua sana tangu hapo.

Kuzirai huko nakutaja makusudi. Mwaka 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa ushauri uliobadilisha kazi yangu: baadhi ya vifo vilivyotokea mara baada ya sindano, ambavyo vilikuwa vikihesabiwa kuwa vya mzio, vinaonekana kuwa vya moyo wenyewe, uliokwisha kuharibika vibaya, ulioshindwa kustahimili shinikizo la damu lililoshuka ghafla kwa maumivu na hofu. Kwa hiyo mtoto mwenye vali iliyobana sana, au moyo uliodhoofika na pumzi inayokatika hata akitembea kidogo, sasa tunamfikiria kwanza kwa vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku. Tusieleweke vibaya: kwa mtoto ambaye ugonjwa wake si mkali, sindano bado ndiyo kinga bora.

Juu ya upasuaji nitasema machache. Mwaka 1923 mjini Boston, Elliott Cutler alifungua vali ya mitrali ya msichana wa miaka 12, na tangu hapo fani imekwenda mbali. Leo vali iliyobana huweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa nyonga, na inayovuja huweza kushonwa. Vali ya chuma hudumu, lakini inamfunga mtu na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na vipimo vya damu visivyokoma, na dawa hiyo inaweza kuidhuru mimba. Familia zinapofanya harambee kwa ajili ya binti yao, huuliza gharama ya upasuaji. Nawaomba waulize pia nani atampima damu kila mwezi kisiwani, na daktari wa upasuaji ameonaje uwezekano wa kuitengeneza vali yake mwenyewe.

Watafiti wa Uganda wameanzisha utafiti mwingine wa kulinganisha vidonge na sindano kwa watoto ambao ugonjwa wao bado umejificha. Huko Australia na New Zealand wanajaribu kuingiza kiasi kikubwa cha penisilini taratibu chini ya ngozi, kwa lengo la kumkinga mtu kwa muda wa takriban miezi mitatu. Ikifaulu, wa Pate na Kizingitini wangekuja mara nne kwa mwaka, na wangeweza kuzikwepa siku ambazo kusi imechafua bahari. Kazi hiyo bado iko katika hatua za awali, na sina dawa hiyo kabatini.

Nilicho nacho ni kalamu. Kadi zangu sasa haziandikwi neno "mwezi". Kwa kila mtoto naandika siku ya juma, kisha tarehe zote 13 za mwaka mzima zikifuatana, kila moja wiki nne baada ya iliyotangulia, na namwambia mzazi kwamba kuja siku mbili mapema kwa sababu ya maji au chombo hakuna ubaya wowote. Yule msichana wa Pate ni mtoto wa Jumanne. Mama yake amebandika nakala ya kadi ukutani kando ya dirisha, na nyingine ameikabidhi kwa nahodha.