Je, wajua kwa nini nyumba ya fito na udongo huweza kusimama pale ya matofali inapoanguka?

Anayejenga nyumba ya matofali ya kuchoma huko Fort Portal au Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, huamini kwamba ameagana na taabu za nyumba iliyokandikwa udongo. Kwa mchwa na mvua ni kweli. Kwa tetemeko la ardhi, imani hiyo huweza kumponza. Eneo hilo limo katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako ardhi inaendelea kutanuka taratibu: tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua zaidi ya watu 100, na la tarehe 5 Februari 1994 likaitikisa Fort Portal tena.

Ardhi inaposogea ghafla, msingi huenda nayo ilhali ukuta huchelewa kwa sababu ya uzito wake, na kadiri ulivyo mzito ndivyo nguvu ya kuuvunja inavyozidi. Tofali hustahimili sana kubandikwa mzigo juu yake, lakini ukuta wa matofali hauwezi kuvutwa wala kupindwa, hasa ukiwa umeunganishwa kwa tope au kwa mchanga wenye saruji haba. Ndiyo maana nyufa huanzia kwenye kona za nyumba na za madirisha; kuta zikishaachana, kila moja huyumba peke yake mpaka ikalala. Ile pembetatu ya matofali iliyo chini ya paa aghalabu hutangulia, kwa kuwa juu haijashikwa na kitu. Fito, kwa upande wake, ni nyepesi na zimefungwa pamoja, hivyo hupinda na kurudi huku udongo ukipukutika. (Sisemi turudi huko: nguzo iliyoliwa na mchwa haimsitiri mtu.)

Kinachokosekana katika matofali ni hicho kifungo. Mkanda wa zege lenye nondo, ukipita juu ya milango na madirisha na kuzunguka kuta zote bila kukatika, huifanya nyumba iyumbe kama sanduku moja. Uganda ina kanuni zake za ujenzi wa kuhimili matetemeko tangu mwaka 2003, lakini nyumba nyingi za vijijini hujengwa bila mhandisi, na kosa la kawaida ni dogo mno: nondo huishia konani badala ya kukunjwa na kupishana na zile za ukuta wa pili. Mwenye nyumba na akague kona hizo kabla zege halijamwagwa, kwani baada ya plasta, mkanda mzima na uliokatika hufanana.